Mtoto wa Nani Wewe? Maneno niliyoyasema Chake Chake kuhusu kuchagua ukoo wa kifaa cha USB

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mliokaa mbele, walimu, na nyinyi vijana mliojazana nyuma kama kwamba huku mbele kunatozwa kodi: ahsanteni kwa kunialika. Mimi ni mtoto wa Pemba, riziki tu ndiyo iliyonipeleka Unguja. Na kila nikishuka boti pale Mkoani, swali la kwanza ninaloulizwa si kazi gani nafanya wala nimesoma wapi. Naulizwa, "Mtoto wa nani wewe?" Nikimtaja baba na kijiji, yamekwisha. Napewa kiti, napewa kahawa, na mwenyeji wangu ashajua azungumze nami vipi, anitanie kwa lipi na kwa lipi asinitanie.

Kompyuta nayo humuuliza mgeni swali lilelile. Leo nimekuja kuzungumzia jibu lake tu, kwa sababu wengi wenu mnaounda vifaa mnalijibu bila ya kufikiri, kama nilivyolijibu mimi, halafu mnakuja kuumbuka mbele za watu.

Kabla sijaanza: nani humu ana laptopu kongwe kuliko zote? Msione haya. Naam, ile yenye plasta kwenye bawaba. Ipitisheni mbele, iwekwe hapa mezani, iwashwe. Itachukua muda kuamka, na mimi maneno ninayo mengi.

Haya. Ukichomeka kifaa cha USB, kompyuta husikia hodi. Ndani ya kifaa mna rezista ya omu 1,500 inayovuta juu waya mmoja katika zile nyaya mbili za data. Waya ukipanda, kompyuta inajua mlangoni pana mtu. Na kwa kuangalia ni waya upi uliopanda inajua kama mgeni huyu ni wa mwendo wa polepole, megabiti 1.5 kwa sekunde, au wa megabiti 12. Wale wa 480 hubisha kama wa 12 kwanza, kisha ndiyo wakajieleza. Baada ya hapo kompyuta inasema: nipe barua yako. Kifaa kinatoa baiti 18, hazizidi wala hazipungui. Baiti ya tisa mpaka ya kumi na mbili ni namba ya kampuni na namba ya bidhaa, yaani jina la mgeni. Lakini baiti ya tano ndiyo ukoo.

Waliotunga kanuni hizi, toleo la kwanza likatoka Januari 1996, wanauita klasi. Mimi nauita ukoo kwa sababu ndivyo unavyofanya kazi. Ukoo namba 01 ni watu wa sauti. Namba 02 ni modemu na jamaa wa mawasiliano. Namba 03 ni kibodi, vipanya na ndugu zao, wanaitwa HID, nitawarudia hawa. 07 ni printa, 08 ni flashi na diski, 0E ni kamera za video; msishangae herufi, namba za kompyuta huandikwa hivyo. Baiti ya tano ikiwa sifuri, maana yake "usiniulize mlangoni, niulize chumba kwa chumba", na kila kiolesura kilichomo ndani ya kifaa kitataja ukoo wake chenyewe. Halafu kuna FF. FF ni mgeni anayeulizwa mtoto wa nani akajibu, "Mimi ni mimi."

Kwa koo nyingi zinazojulikana, Windows, Linux na macOS zina draiva tayari, yaani programu ya kuzungumza na kifaa, imekaa inasubiri. Mgeni wa FF hana wa kumpokea mpaka aje na mkalimani wake, na mkalimani huyo anataka aingie mpaka jikoni, yaani ndani kabisa ya mfumo. Ndiyo maana wenye nyumba wamezidi kuwa wakali. Windows za biti 64 tokea Vista hazipokei draiva ya ndani isiyo na saini, na tokea lile toleo la Windows 10 la 2016 draiva mpya ya aina hiyo inatakiwa ipitie kwa Microsoft wenyewe itiwe saini yao. Kijana wa Chake Chake aliyeunda vifaa vitano hawezi kwenda njia hiyo kwa vifaa vitano.

Sasa nikupeni kisa changu, nacho kinaniaibisha kidogo.

Mzee mmoja mwenye ghala la karafuu upande wa Wete aliniomba nimtengenezee kipimo. Karafuu nyote mnaijua. Ikishachambuliwa ikaanikwa majamvini ikakauka, hatari yake iliyobaki ni kurudi unyevu ghalani. Gunia la chini linashika ukungu na wewe huna habari mpaka siku unayokwenda kuuza. Mzee alitaka vipimo vinane vya joto na unyevu, vinne pembeni na vinne katikati ya magunia, na namba zionekane kwenye kompyuta ya karani wake. Kazi nyepesi. Nikaiunda Unguja, mezani kwangu ikaenda kama maji. Nikapanda boti.

Nilikuwa nimetumia ubao wa bei rahisi wenye kile kichipu cha kugeuza siriali, ile njia ya kale ya kupeleka data biti moja moja, kuwa USB, ukoo FF, chenye kutaka draiva yake mwenyewe. Kompyuta yangu ni ya Linux na draiva ile imo ndani tokea siku ya kwanza, kwa hiyo nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna kitu kama hicho. Kwa karani palikuwa na Windows 7. Nikachomeka. Pembeni ya skrini kikatoka kile kibandiko: draiva haikupatikana. Nikatabasamu, kwa sababu draiva ninayo kwenye flashi, mimi si mtoto mdogo. Nikaibonyeza. Kompyuta ikaomba paswadi ya msimamizi.

"Dada, paswadi anayo nani?"

"Anayo yule kijana aliyetuwekea kompyuta."

"Yuko wapi?"

"Yuko Dar. Simu yake haipatikani tokea Ramadhani."

Nikakaa. Jasho linanitoka, na vipimo vyangu vinane vimelala juu ya magunia havina wa kuzungumza naye. Mzee akanisogezea kahawa, akaitazama ile kompyuta, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbona juzi tulipobadilisha kipanya haikutuuliza paswadi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa nalo jibu la kitaalamu refu, lakini si la kumpa. Nikarudi Unguja na lile swali limenikaa kooni, kwa sababu mzee hajui hata USB ni nini na alikuwa amelenga penyewe. Kipanya na kipimo changu vimepita tundu moja, waya wa aina moja, umeme uleule wa volti 5. Kimoja kimejibu "mimi wa ukoo wa 03", kikapewa kiti. Changu kimejibu "mimi ni mimi."

Basi nikaanza kuusoma ukoo wa kipanya.

Watu wengi wanadhani HID ni kibodi na kipanya basi. Si hivyo. HID ni ukoo ambao kifaa kinakuja na maelezo ya maneno yake mwenyewe: nitakuletea ripoti za baiti kadhaa, baiti hii maana yake hivi, na ile vile. Ndani ya maelezo hayo pana ukurasa uliotengwa makusudi kwa ajili ya mtengenezaji, unasema "hizi baiti si kibodi wala kipanya, ni mambo baina yangu na programu yangu." Mfumo endeshi unakupokea kwa sababu wewe ni wa ukoo, kisha haukuingilii. Ile UPS iliyo chini ya meza ofisini, inayoiambia kompyuta kwamba umeme umekatika na betri imebaki kidogo, nyingi zake huzungumza kwa HID. Umeme wetu ulivyo, pengine mmeshatumia jambo hili miaka na hamjui.

Sasa hesabu, maana vijana nawajua, mtaniambia HID ni dogo. Kwa kifaa cha megabiti 12, HID inapeleka baiti 64 kila milisekunde moja kwa mfereji mmoja. Hiyo ni baiti 64,000 kwa sekunde. Mimi ghalani nina vipimo vinane, kila kimoja baiti 2 za joto na baiti 2 za unyevu. Jumla 32. Tia baiti 4 za saa, bado sijaijaza ripoti moja. Na ninataka kupeleka mara moja kwa dakika! Ni sawa na kukodi jahazi zima kuvusha kikapu kimoja cha mafenesi. Ukiunda kifaa cha kutazama mawimbi ya umeme, au kamera, hapo HID itakufia mikononi, nakubali. Lakini mizani, vipimajoto, vifungua milango, vipima maji ya tangi, vitasa vya kadi, vyote hivi ambavyo ndivyo tunavyoombwa hapa kwetu kila siku, havifiki hata robo ya kiasi hicho.

Kwenye Linux kuna uchungu kidogo: kifaa kinapokelewa lakini mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kukisoma moja kwa moja mpaka uandike mstari mmoja wa kanuni kwenye faili la mfumo. Wenye Linux wanajua kuandika mstari mmoja. Karani wa ghala hana Linux.

Hapo ningefika salama. Lakini mimi nina tabia ya ujanja, na toleo la pili sikulifanya hivyo. Nikasema: kwa nini niandike hata programu ya kusomea? Nikakifanya kipimo kijifanye kibodi kamili. Karani anafungua Excel, anabonyeza kitufe kwenye kifaa, na kifaa kinamwandikia namba zote mstarini, kinapiga Enter, basi. Visomaji vya misimbo ya bidhaa madukani ndivyo vinavyofanya, hiki si kitu changu cha kubuni. Nikakipeleka Wete, nikachomeka, hakikuomba paswadi, namba zikajiandika zenyewe, mzee akacheka mpaka akafuta machozi. Nikarudi Unguja nimevimba kichwa.

Wiki ya pili simu ikalia. Karani alikuwa anaandika barua ya maombi kwa niaba ya mzee, na mtoto wa jirani akaingia ghalani akakiona kitufe. Barua ilikwenda mpaka ikapigwa chapa hivi: "Kwa heshima na taadhima naomba 29.4 71 29.1 70 29.6 72." Kibodi haijui iko wapi. Inaandika palipo na kishale, ikiwa ni Excel, ikiwa ni barua, ikiwa ni sehemu ya kutia paswadi.

Na kuna tatizo jingine ambalo wengi hamjalifikiria. Kibodi haipeleki herufi. Inapeleka mahali pa kitufe, "kimebonyezwa kitufe kile", na kompyuta ndiyo inayoamua kitufe kile ni herufi gani kwa mujibu wa mpangilio uliowekwa. Chomeka kipimo changu kwenye kompyuta iliyopangwa Kifaransa, na watalii wa Kifaransa tunao, pale palipotakiwa 1 itatoka alama ya &, pa 2 itatoka é. Kadhalika ofisi nyingine, tokea watafiti walipoonyesha hadharani mwaka 2014 kwamba flashi inaweza kugeuzwa kibodi ya wizi, zimekuwa zinatilia shaka kibodi ya pili ikichomekwa. Zina haki. Kwa hiyo nikawaachia kibodi wenye kibodi.

Nisikilizeni sasa kuhusu siriali, maana najua nusu yenu hapa mmelelewa na siriali. Unaandika mstari mmoja wa kuchapisha, unafungua dirisha, unasoma. Tamu. Na siriali ina ukoo wake halali, ndani ya namba 02, huhitaji FF kabisa: unajitambulisha kama modemu. Linux itakuita ttyACM0, macOS itakupa jina lenye usbmodem ndani yake, Windows itakupa namba ya COM, yaani namba ya mlango wa siriali. Tatizo ni kwamba Windows 7 na 8, ingawa draiva ya modemu zilikuwa nayo ndani, zilikataa kuitumia mpaka uzipe faili dogo la maelezo, na kuliweka faili hilo ni kazi ya msimamizi. Tunarudi kwa yule kijana wa Dar. Windows 10 ya mwaka 2015 ndiyo iliyolimaliza jambo hili, ikawa inakupokea moja kwa moja. Kama una uhakika kila kompyuta utakayokutana nayo ni Windows 10 kwenda juu, siriali ni chaguo zuri na sitakugombeza.

Ila ujue ukisema wewe ni modemu, kuna watakaoamini kweli. Kwenye Linux nyingi mna programu ambayo kazi yake ni kutafuta modemu za intaneti. Ikiona siriali mpya, huenda ikaituma A na T, ile salamu ya kale ya modemu, kuona kama itaitikia. Siku hizi imepunguza haraka yake, lakini zamani ilikuwa haiulizi. Mimi kwenye kifaa kimoja cha kuhifadhi vipimo nilikuwa nimejiwekea amri za herufi moja moja, kwa Kiswahili safi: A ni anza, T ni tupa kumbukumbu zote. Mnacheka nyinyi. Siku tatu nilikuwa nachomeka kifaa, nakikuta kitupu, naibadilisha chipu, nachomeka, kitupu. Kompyuta ilikuwa inaniamkia kwa adabu, na mimi nafuta kila kitu kwa kuitikia salamu.

Jengine dogo la siriali: kipe kifaa chako namba yake ya utambulisho, ya kila kimoja peke yake. Usipokipa, Windows itakijua kwa tundu kilichochomekwa, na kila ukibadilisha tundu inakupa COM mpya. Nimeona kompyuta iliyofika COM ya arobaini na kitu, na karani anajaribu moja moja.

Na wale wanaonunua vile vichipu vya kugeuza, vya ukoo FF, kwa kuwa ni rahisi: sisemi msinunue, nami ninavyo droo nzima. Lakini kumbukeni draiva ni ya mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuibadilisha usiku umelala. Mwaka 2014 ilitoka draiva ya kampuni moja ya chipu hizo, ikafika kwa watu kwa njia ya masasisho ya kawaida ya Windows, na ilipokuta chipu ya kuigiza ikawa inaifuta namba yake ya bidhaa inaiandika sifuri. Kifaa kilicholala kizima kikaamka hakijulikani. Aliyekinunua dukani hakujua hata kama ndani mna chipu ya kuigiza.

Flashi, ukoo 08. Huu ndio ukoo ninaoupenda kuliko yote kwa watu wasiopenda programu. Kifaa kinachomekwa, linatokea folda, ndani mna faili moja, unalifungua. Ule ubao wa Raspberry Pi Pico, uliotoka Januari 2021 kwa dola 4, unapakiwa programu kwa njia hiyohiyo: unashika kitufe, unachomeka, inatokea flashi, unaburuta faili ndani, umemaliza. Hakuna paswadi, hakuna kijana wa Dar.

Lakini flashi ina mtego, na mtego wenyewe ni kwamba kompyuta inaamini flashi ni yake peke yake. Ikishasoma orodha ya mafaili inaiweka kichwani na hairudi kuuliza. Kifaa chako kikiandika kipimo kipya wakati huo, kompyuta haitakiona mpaka uchomoe uchomeke. Na kompyuta nayo ikiandika kitu chake juu ya orodha ya zamani, mmeshagongana; faili linabaki takataka. Wawili hawaandiki daftari moja bila ya kutazamana. Dawa niliyoiona mimi inafaa ni kuifunga flashi: kifaa kinajitangaza kwamba hakiandikiki, na faili linaundwa upya kila kinapochomekwa. Faida ya pili mnaijua hata kabla sijaitaja. Flashi zetu huku zinazungushwa ofisi hata ofisi kama beseni la harusini, na kila mmoja anatia kirusi chake. Isiyoandikika haishiki kitu. Wala Windows haiwezi kukuachia lile folda lake la siri, wala Mac haiwezi kukumwagia vifaili vyake vyenye nukta mwanzoni.

Nyie mnaotumia vile vibao vidogo vya bei ya chini kabisa, ambavyo USB yake inaigizwa kwa programu na mwendo wake ni ule wa polepole wa 1.5: kwenu mlango wa siriali na mlango wa flashi umefungwa na kanuni yenyewe. Mifereji ya mizigo mikubwa hairuhusiwi kwa mwendo huo. Kuna wanaolazimisha, na kwenye baadhi ya kompyuta kinapita, kwenye nyengine hakipiti, na mteja wako atakuwa nayo hiyo nyengine. HID inaruhusiwa, baiti 8 kwa mara moja. Baiti 8 si haba.

Sauti na mtandao nitapita mbio. Kibodi za muziki za MIDI zimo kwenye ukoo wa 01 na zinapokelewa kila mahali, ndiyo maana mpiga kinanda wa taarabu anaweza kuchomeka chake kwenye kompyuta ya mtu yeyote bila ya maneno. Kadi za sauti za toleo la pili zilipokelewa na Mac na Linux miaka kabla, na Windows ikaja kuzikubali 2017, kwa hiyo anayetaka amani aunde toleo la kwanza. Kifaa cha kujifanya kadi ya mtandao ni vurugu: kuna lahaja tatu, Windows kwa miaka ilishika yake, Mac ikashika nyengine, na ile ya tatu ambayo ingewapatanisha Windows imekuja kuitia ndani rasmi kwenye Windows 11. Sikushauri uanze maisha kwa hiyo.

Namrudia FF sasa, nimwondolee dhambi kidogo, maana tokea nianze namsema. Tokea Windows 8, mwaka 2012, kifaa cha FF kinaweza kubeba karatasi ya pembeni inayoiambia Windows: nipe draiva yako ya jumla, ile ya WinUSB. Windows inampa bila ya kumsumbua mtu. Kwenye Linux na Mac programu inatumia maktaba ya libusb na haihitaji draiva yoyote ya jikoni. Kwa hiyo kama kweli unahitaji mwendo, unaunda kile kitazama mawimbi, njia ipo. Unaandika programu yako, unaipeleka kila mfumo, na mbio zote za USB ni zako. Kilichonizuia mimi ni ile Windows 7 ya Wete. Wapo watakaoniambia Windows 7 imekufa, Microsoft iliacha kuitunza Januari 2020. Kweli. Mwambieni karani.

Suala la jina. Namba ya kampuni inatolewa na umoja wa wenye USB kwa maelfu ya dola, na sijui mtu hapa aliye nazo za kuchezea. Msichukue namba ya kampuni nyengine mkajipachika, ni kama kujiita mtoto wa mtu asiyekuzaa. Siku draiva ya mwenye jina ikija itakukamata wewe. Kama kazi yako ni ya wazi, umeitoa michoro na programu kwa kila mtu, mradi wa pid.codes unagawa bure namba za bidhaa chini ya namba ya kampuni 1209. Mimi yangu nimeipata huko.

Toleo la tatu la kipimo cha ghala ndilo hili nililonalo mkononi. Barua yake, baiti ya tano ni sifuri: niulize chumba kwa chumba. Chumba cha kwanza HID, ukurasa wa mtengenezaji, ripoti ya baiti 64. Chumba cha pili flashi isiyoandikika, ndani mna mafaili mawili tu: vipimo vya mwezi mzima kwa mpangilio ambao Excel inaufungua, na programu ndogo ya kuonyesha namba zinazotembea, isiyohitaji kusakinishwa. Anayetaka kuona sasa hivi anaibonyeza programu, inasoma kwa HID. Asiyetaka programu anafungua faili. Koo zote mbili hizi kila moja inakaa chumba kimoja, kwa hiyo hakuna maelezo ya ziada. Ningeitia na siriali ingenibidi niandike kwamba vyumba viwili ni vya mtu mmoja, maana siriali inakula viwili, na kwa Windows baiti ya tano ingenibidi niiandike EF badala ya sifuri. Nimefanya hivyo kwenye kifaa chengine, kinakwenda, lakini nilipoteza wiki kwa kuisahau hiyo EF.

Kuna kijana hapo ameinua mkono muda. Ndiyo. Simu? Android inapokea kibodi na flashi, na tokea toleo la 3.1 la mwaka 2011 imefungua njia ya programu kuzungumza na kifaa cha USB yenyewe, kwa ruhusa ya mwenye simu, almuradi simu iwe inayo sehemu hiyo. Kwa hiyo HID yangu inasomeka kwa Android nikiandika programu. iPhone ni nyumba yenye bawabu mkali. Kibodi inapita, sauti inapita, MIDI inapita, na flashi inapita tokea iOS 13 ya mwaka 2019. Siriali haipiti. Mzee wangu wa ghala mwanawe ana iPhone, na anachofanya ni kuchomeka kifaa na kulisoma lile faili. Hilo sikulipanga.

Laptopu imeshaamka? Alhamdulillahi. Hebu niione. Windows 7, na betri haipo kabisa. Paswadi ya msimamizi unayo, kaka? Huna. Vizuri sana, usiitafute.

Nachomeka. Tazameni pembeni ya skrini, chini kulia. Inasema inaweka kifaa... imemaliza. Kimekuja kimoja, na hiki hapa cha pili, folda. Nafungua faili. Mistari ya mwisho ni ya ghalani Wete juzi asubuhi, kabla sijakichomoa kukuleteeni. Sasa nafungua programu. Hiyo namba ya juu ni joto la humu ukumbini. Digrii 31.2. Hebu mmoja wenu afungue lile dirisha.